Upasuaji unaochelewa mashariki: bajeti ya afya inahesabu majengo, wagonjwa wanaongoja nyumbani

Kila tarehe 15 Septemba Bunge la taifa linafungua kikao cha bajeti huko Kinshasa, na kila mwaka mjadala wa afya unazunguka namba ileile: asilimia 15. Hicho ndicho kiwango cha bajeti ya taifa ambacho wakubwa wa inchi za Afrika, Kongo ikiwemo, waliahidi kutolea afya walipokutana Abuja, Nigeria, mwezi wa Aprili 2001. Upinzani unaikumbusha serikali kwamba ahadi haijatimizwa. Serikali inajibu kwamba sehemu ya afya inapanda. Baada ya siku chache mjadala unahamia kwa usalama, kwa barabara, kwa mishahara, na namba ya Abuja inarudishwa kabatini hadi mwaka unaofuata.

Wakati huo, katika hospitali kuu za rufaa za Beni, Butembo, Bunia, Kindu au Kalemie, kuna watu walioambiwa na mganga kwamba wanapaswa kupasuliwa, na ambao bado hawajapasuliwa. Wako wangapi? Wamengoja miezi mingapi? Wangapi walikufa wakingoja? Waziri hawezi kujibu, kwa sababu maswali hayo hayaulizwi katika ripoti zinazopanda kutoka hospitalini hadi Kinshasa. Hospitali inaandika ni oparesheni ngapi zimefanyika kwa mwezi. Oparesheni ambazo hazikufanyika hazina ukurasa.

Jambo hilo linaonekana dogo, la makaratasi tu. Lakini ndilo linaloeleza kwa nini upasuaji unashindwa kila mara pesa zinapogawanywa. Katika bajeti, kisichohesabiwa hakina mtetezi.

Foleni ambayo haina orodha

Huko Uingereza, idara ya afya ya umma inatangaza kila mwezi ukubwa wa orodha ya wanaongoja matibabu hospitalini. Miaka hii ya karibuni orodha hiyo imepita milioni 7, na serikali zilizofuatana zimehojiwa bungeni na katika kampeni za uchaguzi juu ya namba hiyo. Hatuwezi kulinganisha utajiri wa inchi hizo mbili. Lakini tuangalie kitu kimoja: kule foleni inaonekana, na kwa kuwa inaonekana, mwanasiasa anapaswa kujieleza.

Kwetu foleni iko nyumbani. Tuchukue mfano wa mkulima wa upande wa Beni au Lubero mwenye ngiri. Mganga anamwambia kwamba oparesheni ni ndogo, lakini inafaa ifanyike mapema. Anauliza bei, anarudi kijijini, anangoja auze kakao au kahawa. Akiuza, karo ya shule inapita mbele. Mwaka unapita. Siku moja utumbo unabanwa katika ile ngiri, anatapika, tumbo linavimba, na familia inamfunga kwenye pikipiki usiku. Oparesheni iliyokuwa ya muda mfupi inakuwa ya dharura: kufungua tumbo, kukata sehemu ya utumbo iliyokufa, kulala hospitalini siku nyingi. Gharama inapanda mara nyingi, na uwezekano wa kupona unashuka.

Katika takwimu za hospitali, mtu huyo anaandikwa kama oparesheni moja ya dharura. Mwaka mzima aliongoja haumo. Ndivyo ilivyo pia kwa mama mwenye fibromu anayetokwa damu kila mwezi, kwa kijana aliyevunjika mguu katika ajali ya pikipiki na ambaye mfupa umejiunga vibaya kwa sababu alipelekwa kwanza kwa mtaalamu wa kienyeji, na kwa mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka.

Wataalamu wanagawa kuchelewa huko katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mashariki mwa Kongo sehemu zote tatu zinakutana. Bei inafanya mtu asiamue. Barabara mbovu na vizuizi vya watu wenye silaha vinafanya asifike. Na akifika, anaweza kukuta mganga yupo lakini mtu wa dawa ya usingizi hayupo, au wote wapo lakini hakuna mazutu ya jenereta.

Mwaka 2015 kikundi cha wataalamu kilichoundwa na jarida la kitabibu The Lancet kilionyesha kwamba watu miliardi 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama kwa bei wanayoiweza. Kilipendekeza kwamba kila inchi ifikie oparesheni 5.000 kwa mwaka kwa kila wakaaji 100.000, na kwamba kila mtu aweze kufika ndani ya saa mbili mahali ambapo oparesheni tatu za msingi zinafanyika: kumzalisha mama kwa kumpasua, kufungua tumbo kwa dharura, na kutengeneza mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, inchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuingiza upasuaji wa dharura na wa lazima katika huduma za afya kwa wote. Kwa mtu wa Walikale, Shabunda au Mambasa, hizo saa mbili ni mbali sana na maisha yake.

Mgonjwa ndiye anayeendesha hospitali

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Lakini ukitafuta nani analipa kweli, unakuta familia. Karibu asilimia 40 ya pesa zote zinazotumika kwa afya katika inchi hii zinatoka moja kwa moja mfukoni mwa wagonjwa na jamaa zao. Sehemu nyingine kubwa inatoka kwa wafadhili wa kigeni. Serikali ndiyo inayotoa sehemu ndogo kuliko hao wote wawili.

Kwa upasuaji, hiyo maana yake inajulikana na kila mtu aliyewahi kulinda mgonjwa hospitalini. Kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha oparesheni, familia inatanguliza pesa. Inapewa karatasi ya kwenda kununua glavu, uzi, serumu, dawa ya usingizi, dawa za kuzuia maambukizi. Pengine inaombwa kuchangia mazutu. Jamaa wanauza mbuzi, wanaweka shamba rehani, wanaomba zamu yao ya likelemba ipite mbele, wanapitisha bahasha kanisani. Na baada ya oparesheni, mgonjwa aliyepona anaweza kuzuiliwa hospitalini wiki nyingi kwa sababu faktire haijalipwa, kitanda chake kikiwa hakiwezi kupokea mgonjwa mwingine.

Ni rahisi kulaumu waganga wakurugenzi. Wengine wanastahili lawama, hasa pale ambapo pesa zinazoingia hazielezwi kwa mtu yeyote. Lakini tuangalie namna hospitali ya serikali inavyoishi. Pesa za uendeshaji kutoka hazina ya taifa zinafika kidogo, zinafika kwa kuchelewa, au hazifiki. Katika wafanyakazi wake kuna wale wanaopata mshahara na primi ya hatari, wale wanaopata primi bila mshahara, na wale wanaoitwa «vitengo vipya», ambao wanafanya kazi miaka mingi bila namba ya matrikule na bila kulipwa na serikali hata franka moja. Hao wote wanakula kwa pesa zinazolipwa na wagonjwa. Hospitali ikisamehe faktire, muuguzi wa usiku hana kitu cha kupeleka nyumbani.

Ndiyo sababu migomo inarudi. Sendika za waganga na za wauguzi zinadai primi, madaraja na matrikule, serikali inaahidi, makubaliano yanatiwa sahihi, utekelezaji unakawia, mgomo unaanza tena. Wakati wa mgomo hospitali zinabaki na huduma ya chini kabisa, na kinachoahirishwa kwanza ni oparesheni zilizopangwa. Dharura itapokelewa. Ngiri, fibromu na tezi la shingo vitarudi nyumbani. Kwa njia hiyo kila mgomo unatengeneza dharura za miezi inayofuata.

Mambo ambayo wanasiasa wanabishania

Katika mjadala wa siasa kuna misimamo mitatu, na kila mmoja una ukweli ndani yake.

Msimamo wa kwanza ni wa serikali. Waziri wa afya ya jamii, Roger Kamba, na wenzake wanaonyesha mpango wa afya kwa wote. Tarehe 5 Septemba 2023 Rais Félix Tshisekedi alizindua Kinshasa huduma ya bure kwa wamama wanaojifungua na watoto wachanga, na mpango huo umeendelea kupelekwa katika majimbo mengine. Mama anazaa bila kulipa, hata akipasuliwa, na Mfuko wa mshikamano wa afya ndio unaorudishia hospitali gharama. Serikali inaonyesha pia programu ya maendeleo ya teritware 145, ambayo katika awamu yake ya kwanza ilipanga kujenga vituo vya afya 788 katika inchi nzima.

Tuseme wazi: kuanza na wamama lilikuwa chaguo lenye haki. Kuzaa kwa kupasuliwa ni upasuaji, na ni mmoja wa ile mitatu ya msingi. Mpango huo umeonyesha kwamba serikali ikitaka, inaweza kununua oparesheni kwa ajili ya raia bila kumpitisha raia kwenye dirisha la malipo. Lakini umeleta pia maswali mawili. La kwanza ni la malipo: katika hospitali mbalimbali wakubwa na wafanyakazi wamelalamika kwamba pesa za kurudishiwa zinachelewa. Hospitali isiyolipwa kwa wakati inaanza tena kuomba pesa kwa mlango wa nyuma, au inamaliza dawa zake kwa wamama na kukosa za wagonjwa wengine. La pili ni la mipaka: mke anapasuliwa bure, lakini mume wake mwenye utumbo uliobanwa, katika chumba kilekile, na mganga yuleyule, anaombwa kutanguliza pesa usiku uleule.

Kuhusu vituo vya afya 788, vinahitajika. Lakini kituo cha afya hakipasui tumbo. Kazi yake ni kugundua ugonjwa na kumtuma mgonjwa kwenye hospitali kuu ya rufaa ya eneo la afya. Ukijenga vituo vipya vinavyofanya kazi vizuri, vitatuma wagonjwa wengi zaidi kwa hospitali ileile, yenye waganga walewale wawili au watatu na chumba kimoja cha oparesheni. Kama hospitali kuu haikuongezewa nguvu, jengo jipya la kijijini linarefusha foleni ya mjini. Tena mashariki, ujenzi wenyewe ulichelewa sehemu nyingi kwa sababu ya vita.

Msimamo wa pili ni wa wakosoaji: wabunge wa upinzani, mashirika ya raia, sendika. Wanasema asilimia 15 ya Abuja haijafikiwa, taasisi za Kinshasa zinakula pesa nyingi kwa magari na safari, na wakubwa wakiugua wanapandishwa ndege kwenda kutibiwa ng'ambo. Malalamiko hayo yanagusa watu, na yana msingi. Mkubwa ambaye hajawahi kulala katika hospitali kuu ya jimbo lake hana haraka ya kujua kama ina oksijeni. Lakini wakosoaji nao wanasimama mara nyingi kwenye namba iliyopigiwa kura, na hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kazi.

Msimamo wa tatu unasemwa kwa sauti ya chini lakini ndio wenye nguvu zaidi tangu mwaka 2025: kwanza vita, mengine baadaye. Mwezi wa Machi 2025 mishahara ya askari jeshi na polisi ilitangazwa kuongezwa mara mbili. Katika inchi iliyopoteza Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo, ni vigumu kwa mbunge kusimama na kusema kwamba pesa ya vita ni nyingi mno. Lakini msimamo huo unasahau kwamba vita yenyewe inaishia kwenye meza ya oparesheni. Askari aliyepigwa risasi, mama aliyeguswa na bomu, mkimbizi aliyepasuka mfupa wakati wa kukimbia, wote wanahitaji chumba kilekile ambacho bajeti imekisahau.

Pesa iliyopigiwa kura na pesa iliyofika

Hapa ndipo mjadala unapaswa kuhama. Matumizi ya serikali ya Kongo yanapita hatua nne: kuahidi matumizi, kuhakikisha deni, kuamuru malipo, halafu kulipa. Pesa inaweza kusimama katika hatua yoyote. Sheria ya fedha inaweza kuandika kiasi kizuri kwa hospitali, na mwisho wa mwaka hospitali ikawa haikuona kitu.

Tufanye hesabu nyepesi. Bajeti inayopea afya asilimia 15 lakini inatoa nusu tu ya pesa hiyo, imeipa afya asilimia 7 na nusu. Bajeti inayopea afya asilimia 10 na kuitoa yote, imewafanyia wagonjwa mengi zaidi. Kwa hiyo mbunge anayepigana mwezi mzima ili namba ipande, halafu asirudi kuuliza imetoka kiasi gani, amesaidia karatasi.

Kuna pia tofauti ya aina ya pesa. Jengo linajengwa mara moja, linapakwa rangi, linazinduliwa kwa ngoma na televisheni. Mashine ya eksirei inapokelewa kwa hotuba. Mazutu yanaungua usiku bila mtu kuyapiga picha. Lakini upasuaji unaishi kwa vitu vya namna ya mazutu: mshahara wa muuguzi wa dawa ya usingizi, chupa ya oksijeni inayojazwa kila wiki, maji ya kufulia mashuka, dawa ya kusafisha vyombo, mfuko wa damu, balbu ya taa ya chumba cha oparesheni. Kimoja kikikosa, vyote vinasimama. Hospitali inaweza kuwa na jengo la mamilioni ya dola na ikaahirisha oparesheni kwa sababu ya chupa moja ya gesi.

Watu pia ni sehemu ya hesabu hiyo. Katika hospitali nyingi za vijijini oparesheni zinafanywa na waganga wa kawaida waliojifunza upasuaji kazini, na dawa ya usingizi inatolewa na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo. Wanaokoa maisha kila siku. Lakini mganga kijana akikaa miaka mitatu huko Punia au Lubutu bila matrikule, atahamia mjini, katika hospitali ya binafsi, au kwa shirika la kigeni linalolipa kila mwezi. Akiondoka, chumba cha oparesheni kinafungwa hata kama paa ni jipya.

Siasa inapenda kinachoonekana, na hilo si la Kongo pekee. Kwetu linazidi kwa sababu mwananchi naye amezoea kumpima mbunge kwa mabati. Mbunge akileta kitanda na godoro anapigiwa makofi. Akitumia mwaka mzima kufuatilia kwa nini pesa ya uendeshaji ya miezi mitatu imekwama kwa hazina, hakuna atakayemwimbia.

Vita imefanya wageni kuwa wizara yetu ya upasuaji

Mashariki, kwa muda mrefu sasa, sehemu kubwa ya upasuaji wa bure inalipwa na wageni. Halmashauri ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inasaidia upasuaji wa waliojeruhiwa kwa silaha, kwa mfano katika hospitali ya CBCA Ndosho huko Goma. Waganga wasio na mipaka wanafanya kazi ya namna hiyo sehemu mbalimbali za Ituri na Kivu. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipokuwa ikipiganiwa, hospitali zilipokea majeruhi kupita vitanda vyao, watu wakalazwa kwenye mahema na kwenye viingilio.

Katika siku kama hizo kanuni ya kazi ni moja: anayetokwa damu anapita mbele. Hakuna atakayepinga. Lakini vita ikiendelea miaka, kanuni hiyo ya siku moja inageuka kuwa hali ya kudumu. Mgonjwa wa kawaida anapata nafasi majeruhi wanapopungua, na hawapungui. Mtu aliyepigwa risasi anatibiwa bure kwa pesa ya wafadhili. Jirani yake mwenye saratani ya titi analipa, au anarudi kijijini.

Kuegemea huko kuna hatari ambayo tuliiona kwa macho. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa za msaada wa kibinadamu katika Kongo. Mwezi wa Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilifunga rasmi. Miaka michache kabla, wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2.200, tuliona matibabu ya bure katika maeneo yaliyoguswa, magari mapya, na hospitali zikijaa watu ambao zamani hawakuwa na uwezo wa kuja. Ugonjwa ulipoisha, pesa iliondoka nao. Mahitaji ya upasuaji yalikuwepo kabla ya Ebola, yakabaki baada yake.

Tangu 2025 kuna tatizo jingine: sehemu ya hospitali kubwa za mashariki iko katika miji inayoshikiliwa na AFC/M23. Serikali za majimbo zilihamia Beni kwa Kivu Kaskazini na Uvira kwa Kivu Kusini. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa, na benki za Goma zilifunga milango. Kwa hospitali, hayo yanamaanisha mishahara isiyofikika kwa urahisi, dawa zinazopita njia ndefu, na mgonjwa mahututi asiyeweza kusafirishwa haraka. Kinshasa inasema hali hiyo ni matokeo ya uvamizi. Walioshika miji wanasema wao ndio wanaotawala sasa. Mgonjwa wa Masisi au Kalehe hakuchagua nani ashike barabara, na ugonjwa wake hauulizi.

Hata pale serikali inapotawala, nani anauliza maswali? Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na mabunge yao ya majimbo yalisimamishwa. Maana yake, katika majimbo mawili yenye mahitaji makubwa ya upasuaji wa dharura, hakukuwa na mbunge wa jimbo wa kumwita mkubwa wa afya na kumuuliza kwa nini hospitali fulani haina mtu wa dawa ya usingizi. Katiba, katika kifungu cha 175, inaahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao. Pesa hiyo haijawahi kushuka jinsi Katiba inavyosema. Jimbo lisilo na pesa na lisilo na bunge haliwezi kulinda hospitali yake.

Kitu ambacho bajeti inaweza kubadilisha

Watu wengi watajibu kwamba inchi haina pesa. Ni kweli kwamba matumizi yote ya afya, ukijumlisha serikali, familia na wafadhili, ni kama dola 20 na kidogo kwa kila mkaaji kwa mwaka. Kwa pesa hiyo hakuna atakayejenga mfumo kama wa Ulaya. Lakini uchache wa pesa ndio unaolazimisha kuchagua vizuri, na kuna machaguo manne ambayo hayangoji vita iishe.

La kwanza halina gharama kubwa: daftari. Kila hospitali kuu ya rufaa iandike jina la kila mgonjwa aliyeambiwa anahitaji oparesheni, tarehe aliyoambiwa, tarehe aliyopasuliwa, na sababu ya kuchelewa: pesa, mtaalamu, vifaa, umeme au usalama. Namba hizo, bila majina, zipande pamoja na ripoti ya kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja, wizara itajua kama Butembo inahitaji mganga au inahitaji oksijeni. Leo inakisia.

La pili ni pesa ya uendeshaji ya hospitali kuu za rufaa: iandikwe kwa jina la kila hospitali, itolewe kila miezi mitatu, na kiasi kilichofika kibandikwe ukutani penye mapokezi. Wagonjwa na wafanyakazi wakijua kilichofika, mkurugenzi hatasingiziwa kuwa amekula ambacho hakupata, na hatakula kilichofika bila kuonekana.

La tatu ni watu. Katika kutoa matrikule, waganga wanaopasua na wauguzi wa dawa ya usingizi walioko vijijini wapite mbele. Kundi hilo si kubwa, na kila mmoja wao akibaki mahali pake, chumba kimoja cha oparesheni kinabaki wazi.

La nne ni mpango wa afya kwa wote. Kwanza hospitali zilipwe kwa wakati kwa wamama waliokwisha kuhudumiwa. Hilo likisimama, mpango uongezwe hatua kwa hatua kwa oparesheni mbili za msingi zilizobaki: tumbo la dharura na mfupa uliotoboa ngozi. Kuongeza kabla ya kulipa deni kutavunja imani ya hospitali, na bila hospitali hakuna kitu cha bure.

Kila machaguo hayo lina mtu atakayelipinga. Daftari litaaibisha wizara kwa namba kubwa mwaka wa kwanza. Karatasi ya ukutani itasumbua wale waliozoea kugawana pesa njiani. Matrikule kwa wa vijijini zitaudhi walioko miji mikubwa wakingoja zao. Hiyo ndiyo maana ya kuweka vipaumbele: kuna mtu anayeambiwa angoje. Mpaka sasa anayeambiwa angoje ni mgonjwa, kwa sababu hana orodha wala sendika.

Kikao cha bajeti kinafungwa tarehe 15 Desemba, na wabunge wanarudi katika maeneo yao ya uchaguzi kwa likizo, kutoa ripoti mbele ya wananchi. Huko watauliza kura na watapokea maombi ya mabati, ya mipira na ya viti vya kanisa. Kuna swali jingine ambalo mkaaji wa Oicha, Mahagi au Kasongo anaweza kumuuliza mbunge wake: katika pesa mliyopigia kura mwaka jana kwa hospitali yetu, ni franka ngapi zilifika, na ni watu wangapi bado wanangoja kupasuliwa? Mbunge anayeweza kujibu nusu ya kwanza amefanya kazi yake ya kuchunguza serikali. Nusu ya pili hakuna anayeweza kuijibu kwa sasa, na ndiyo inayopaswa kupata namba kabla bajeti nyingine haijafika mezani.